Mihimili Kwanza: Jinsi ya Kuchora Duaradufu Ikakaa Sawa

Duaradufu yako ikitoka kama yai, upande mmoja mnene na mwingine mwembamba, usiulaumu mkono. Kagua mihimili. Mistari miwili inayokatana katikati ndiyo inayoamua kila kitu. Ikiwa na urefu sahihi, ikagawana nusu kwa nusu na kukatana kwa pembe mraba, kazi iliyobaki ni uvumilivu tu.

Hapa chini kuna njia sita. Huna haja ya kuzijua zote leo. Chagua moja inayoifaa kazi yako, ishike vizuri, kisha ongeza nyingine.

Tutatumia vipimo vilevile mwanzo hadi mwisho: urefu mm 100, upana mm 60. Vinaenea kwenye karatasi ya A4, na hesabu zake nyingi zinatoka namba kamili. Kwa hiyo utaweza kujisahihisha mwenyewe bila kumsubiri mwalimu.

Andaa vifaa

Fungua mkebe wako. Unahitaji bikari, rula, seti skwea ya nyuzi 30 na 60, penseli mbili na ufutio. Penseli ya 2H ni ya mistari ya kazi, ile myepesi itakayobaki nyuma. Ya HB ni ya mstari wa mwisho.

Kaza skrubu ya bikari. Bikari inayolegea hufunguka katikati ya tao, na hutagundua mpaka mwisho. Sindano itokeze kidogo kuliko risasi. Sugua risasi kwenye msasa mpaka iwe kali.

Bandika karatasi kwenye ubao kwa vipande vinne vya utepe wa gundi. Karatasi ikisogea hata kidogo, nukta zako zitahama.

Piga mihimili

Chora mstari mlalo wa mm 100. Ncha ya kushoto ni A, ya kulia ni B. Huu ndio mhimili mrefu.

Usitafute katikati kwa rula. Tumia bikari. Ifungue zaidi ya nusu ya mstari, weka sindano A, piga tao juu na chini. Bila kubadili upana wa bikari, hamia B ufanye vilevile. Unganisha sehemu mbili ambapo matao yamekatana.

Mstari huo umekupa vitu viwili kwa mpigo: kitovu O, na pembe mraba. Sasa pima mm 30 kwenda juu kutoka O, weka C. Pima mm 30 kwenda chini, weka D. CD ndio mhimili mfupi.

Tafuta fokasi

Fokasi ni nukta mbili zilizo ndani ya duaradufu, juu ya mhimili mrefu. Kuzipata ni kazi ya dakika moja.

Fungua bikari mm 50, yaani nusu ya mhimili mrefu. Weka sindano C. Kata AB upande wa kushoto, kisha wa kulia. Ziite F1 na F2.

Pima kutoka O hadi F1. Lazima upate mm 40. Pima hadi F2, nako iwe mm 40. Ukipata 39 upande mmoja na 41 upande wa pili, mihimili yako haijasimama pembe mraba. Rudi uirekebishe kabla hujaendelea.

Fundi ujenzi atazitambua namba hizi mara moja: 30, 40 na 50 ni ile tatu-nne-tano anayopigia kona za msingi.

Shika kanuni moja tu. Kutoka nukta yoyote ya duaradufu, umbali wa kwenda F1 ukiujumlisha na umbali wa kwenda F2, jibu ni urefu wa mhimili mrefu. Kwetu ni mm 100, daima.

Njia ya 1: bikari na fokasi

Njia hii inafuata kanuni hiyo moja kwa moja. Unahitaji jozi za namba zinazojumlisha 100. Tumia hizi tano: 14 na 86, 18 na 82, 26 na 74, 34 na 66, 42 na 58.

Tuifanye jozi moja pamoja. Fungua bikari mm 26. Weka sindano F2, fokasi ya kulia, piga tao dogo juu ya mhimili na jingine chini. Sasa fungua mm 74. Weka sindano F1, kata matao yale mawili. Umepata nukta mbili.

Zikague hapohapo. Kila nukta inapaswa kuwa mm 30 kulia kwa mhimili mfupi, na mm 24 kutoka mhimili mrefu. Ikitoka hivyo, uko sawa.

Geuza sasa: mm 26 kutoka F1, mm 74 kutoka F2. Hizo ni nukta mbili za upande wa kushoto. Kila jozi inakupa nukta nne. Jozi tano ni nukta 20, ongeza A, B, C na D, zimekuwa 24. Zinatosha kabisa.

Ukiwa na vipimo vingine, usihangaike na hesabu. Tia alama kadhaa kati ya F1 na F2 kwenye mhimili. Kwa kila alama, bikari ipime kutoka A hadi kwenye alama, kisha kutoka alama hadi B. Jozi yako ndiyo hiyo. Sogeza alama karibu karibu unapoikaribia fokasi, kwa sababu huko ndiko mkunjo unakokuwa mkali.

Njia ya 2: uzi na pini

Hii ndiyo ya haraka kuliko zote, na ndiyo ya kutumia kwa kazi kubwa. Unachora mstari mzima bila kuunganisha nukta.

Weka kipande cha katoni nene chini ya karatasi. Choma pini tatu: F1, F2 na C. Zungushia uzi pini zote tatu, uvute ukaze, ufunge fundo. Kitanzi chako kitakuwa na mzunguko wa mm 180.

Ng'oa pini ya C peke yake. Weka penseli ndani ya kitanzi mahali pake, vuta uzi ukaze, kisha zungusha. Penseli isilale. Ikilala, mstari unaingia ndani au kutoka nje.

Uzi ndio mwenye siri. Uzi wa nailoni huvutika, na ukivutika kipimo kimekwisha. Tafuta uzi wa pamba ulio mgumu au waya laini. Fundo lisogeze kando ya pini ya fokasi lisizuie penseli kupita.

Kabla ya kukoleza mstari, angalia nukta nne. Mstari lazima upite A, B, C na D. Ukipita nje ya zote, kitanzi kimelegea. Ukipita ndani ya zote, kimebana mno.

Njia ya 3: maduara mawili

Wanafunzi wengi wa uchoraji wa kiufundi huanza na hii. Ni nadhifu, na kila hatua inaonekana kwenye karatasi, kwa hiyo msahihishaji anaiona kazi yako yote.

Weka sindano O. Chora duara la nusukipenyo mm 50, kisha jingine la mm 30. Kwa seti skwea, gawa maduara katika sehemu 12 kwa mistari ya nyuzi 30 inayopita O.

Kila mstari unakata duara kubwa na duara dogo. Kutoka kwenye duara kubwa, shusha mstari wima kuelekea mhimili mrefu. Kutoka kwenye duara dogo, toa mstari mlalo kuelekea nje. Zinapokutana, hapo ndipo nukta yako.

Kariri hivi: kubwa wima, dogo mlalo. Ukizigeuza, utapata duaradufu iliyosimama badala ya iliyolala.

Jikague. Mstari wa nyuzi 30 unakupa nukta iliyo mm 43.3 kutoka mhimili mfupi na mm 15 kutoka mhimili mrefu. Mstari wa nyuzi 60 unakupa mm 25 na mm 26. Ukiona sehemu 12 ni chache, ongeza mistari karibu na A na B.

Njia ya 4: ukanda wa karatasi

Huna bikari? Kata ukanda wa karatasi ngumu wenye ukingo ulionyooka. Kwenye ukingo huo weka alama P mwanzoni. Pima mm 30 kutoka P, weka alama ya kwanza. Pima mm 50 kutoka P, weka ya pili.

Sasa lalisha ukanda juu ya mihimili. Alama ya mm 50 ikae juu ya mhimili mfupi. Alama ya mm 30 ikae juu ya mhimili mrefu. Mahali ilipo P, weka nukta. Sogeza ukanda kidogo, panga tena alama zote mbili, weka nukta nyingine.

Kumbuka: kirefu kinakaa kwa mfupi, kifupi kinakaa kwa mrefu. Ukishalizoea hilo, utaweka nukta haraka kuliko kwa bikari.

Kwenye ukanda nukta haziishi. Unaweza kuziweka kwa wingi unavyotaka, palipo na mkunjo mkali ukazibananisha. Alama ziwe nyembamba kama unywele; alama nene inakuongezea nusu milimita bila habari.

Njia ya 5: mstatili

Njia hii haihitaji bikari wala fokasi. Rula inatosha.

Chora mstatili wa mm 100 kwa mm 60 unaogusa A, B, C na D katikati ya kila ubavu. Chukua robo ya juu kushoto. Gawa AO katika sehemu nne sawa, ukihesabu 1, 2, 3 kutoka A. Gawa ubavu wa kushoto, kutoka A hadi kona ya juu, katika sehemu nne sawa, nao uhesabu 1, 2, 3 kutoka A.

Kutoka C, chora mistari kwenda kwenye alama za ubavuni. Kutoka D, chora mistari inayopita kwenye alama za AO na kuendelea juu. Mstari wa 1 unakutana na wa 1, wa 2 na wa 2, wa 3 na wa 3. Hizo ndizo nukta.

Angalia ile ya 2. Lazima iwe mm 40 kushoto kwa mhimili mfupi na mm 18 juu ya mhimili mrefu, yaani wima juu ya F1. Ikikaa hapo, endelea na robo nyingine tatu.

Faida kubwa ya njia hii ni kwamba inafanya kazi hata mstatili ukiwa umelala upande, yaani msambamba. Gawa vilevile, chora vilevile.

Njia ya 6: vitovu vinne

Wakati mwingine unataka mstari laini wa bikari bila nukta. Hapo tumia matao manne. Lakini elewa kabisa: hii ni duaradufu ya kukadiria. Swali likitaka duaradufu halisi, usiitumie.

Unganisha A na C. Weka sindano O, fungua hadi A, piga tao likate mstari wa OC ulioendelezwa juu. Hapo ni E. Weka sindano C, fungua hadi E, kata mstari AC. Hapo ni K. Gawa AK nusu kwa bikari, kama ulivyogawa AB, na uendeleze mstari huo wa kugawa mpaka chini.

Mstari huo unakata AO kwenye M na unakata mhimili mfupi, ulioendelezwa chini, kwenye N. Hivyo ni vitovu viwili. Hamisha vipimo upande wa pili upate vingine viwili. M itakuwa karibu mm 27.7 kutoka O, na N karibu mm 46.1.

Chora tao la ncha kwa sindano M, ukifungua hadi A. Chora tao la mgongo kwa sindano N, ukifungua hadi C. Matao yanapokezana kwenye mstari wa NM ulioendelezwa. Usipite hapo.

Tofauti yake na duaradufu halisi ipo, na inapimika. Nenda mm 45 kutoka O kwenye mhimili mrefu, upime kwenda juu. Duaradufu halisi iko mm 13. Tao lako liko mm 14. Kwa mchoro wa mapambo, haidhuru. Kwa kifuniko kinachotakiwa kukaa kwenye tundu lake, inadhuru.

Duara kwenye mchoro wa isometriki

Hapa matao manne ndiyo yenyewe hasa. Duara la tundu la boliti au mdomo wa bomba likichorwa kwenye uso wa isometriki hugeuka duaradufu.

Chora msambamba wenye pande nne sawa, kila upande ukiwa sawa na kipenyo cha duara, kwa mistari ya nyuzi 30. Tia alama katikati ya kila upande. Kutoka kila kona butu, vuta mistari miwili hadi katikati ya pande mbili za mkabala.

Kona butu mbili ni vitovu vya matao makubwa. Mikatano miwili ya mistari yako ndani ni vitovu vya matao madogo. Kila tao linaanza na kuishia katikati ya upande.

Unganisha nukta vizuri

Nukta zikishakuwa tayari, wengi huharibu hapa. Usikimbilie kukoleza. Pitisha kwanza mstari hafifu kwa mkono, ukiruka hewani mara mbili tatu kabla risasi haijagusa karatasi.

Mkono wako ukae upande wa ndani wa mkunjo. Karatasi izungushe, si mkono. Chora robo moja, zungusha, chora nyingine.

Ncha ndizo ngumu. Nipe sekunde nikupe njia ya mkato. Pima mm 18 kutoka A kuelekea O, weka sindano hapo, fungua hadi A, piga tao fupi la milimita chache tu kila upande wa A. Fanya hivyo B pia. Tao hilo linalala juu ya duaradufu pale nchani, na linakuondolea ncha iliyochongoka.

Kwa vipimo vingine, namba hiyo unaipata kwa kuzidisha nusu ya mhimili mfupi kwa yenyewe, kisha kugawa kwa nusu ya mhimili mrefu. Kwetu ni 30 mara 30, gawa kwa 50.

Nukta moja ikikataa kukaa kwenye mstari, usiulazimishe mstari uifuate. Ipime upya nukta. Karibu kila mara yenye kosa ni hiyo.

Ukihamia kwenye mbao

Sasa meza. Plaiwudi nzima ni futi 8 kwa 4, yaani sm 244 kwa 122. Inatoa meza ya duaradufu ya sm 200 kwa 120 bila kuunga.

Piga mihimili kwa uzi wa chokaa. Kutoka katikati, pima sm 100 kila upande kwa urefu, na sm 60 kila upande kwa upana. Pigilia msumari mwembamba sm 80 kutoka katikati, kushoto na kulia. Hizo ni fokasi.

Nyosha tepu kutoka C hadi kila msumari. Lazima isome sm 100 pande zote mbili. Ikisoma tofauti, mihimili haiko skwea. Usikate chochote mpaka isome sawa.

Funga kitanzi cha sm 360, chora, kata sm nusu nje ya mstari kwa msumeno wa mkunjo, kisha malizia kwa msasa mpaka kwenye mstari. Misumari isipite upande wa pili. Huo ndio uso wa meza. Chora upande wa chini.

Ukiwa na meza kadhaa za saizi moja, tengeneza kiolezo. Chora robo moja tu kwenye hadibodi, ikate na kuisugua mpaka iwe laini, kisha igeuze mara nne juu ya mbao. Robo zote zitafanana, na meza zote zitafanana.

Kabla ya kununua utepe wa ukingo, piga hesabu ya mzingo. Tumia kanuni ya mwanahisabati wa India, Srinivasa Ramanujan, aliyoichapisha mwaka 1914. Jumlisha nusu mbili: 100 na 60, upate 160. Zidisha kwa 3, upate 480. Weka kando.

Sasa chukua 100 mara 3 ujumlishe 60, upate 360. Chukua 60 mara 3 ujumlishe 100, upate 280. Zidisha 360 kwa 280, tafuta kipeuo cha pili, upate karibu 317.5. Ondoa kwenye 480, inabaki 162.5. Zidisha kwa 3.1416. Mzingo ni karibu sm 510.

Nunua mita tano na nusu, ubaki na cha kukatia. Na ukimpa kila mlaji sm 60 za ukingo, meza hiyo inakaa watu wanane kwa raha.

Ukiulizwa tanjenti

Chagua nukta P juu ya duaradufu. Iunganishe na F1 na F2. Gawa nusu pembe iliyo kati ya mistari hiyo miwili. Mstari unaoigawa ndio unaosimama wima juu ya mkunjo pale P. Piga mwingine pembe mraba nao, ukipita P. Hiyo ndiyo tanjenti.

Ukipewa duaradufu isiyo na mihimili

Usibabaike. Chora mistari miwili sambamba inayoikata duaradufu. Tafuta katikati ya kila mmoja, ziunganishe. Rudia kwa mistari mingine miwili yenye mwelekeo tofauti. Mistari yako ya kuunganisha inapokatana, hapo ni O.

Weka sindano O, piga duara linaloikata duaradufu mara nne. Unganisha mikatano hiyo, utapata mstatili. Mihimili inapita O, sambamba na pande za mstatili huo.

Kama una kompyuta au simu

Fungua GeoGebra. Chagua kifaa cha duaradufu, gusa nukta mbili za fokasi, kisha nukta ya tatu unapotaka mstari upite. Ukiweka fokasi kwenye 4 na -4 za mhimili mlalo, na nukta ya tatu kwenye 5, utapata umbo letu hili hili kwa kipimo kidogo. Litumie kulinganisha na mchoro wako wa mkono.

Chagua njia yako

Mtihani unaotaka hatua zionekane: maduara mawili, au bikari na fokasi. Bustani, meza, tao la dirisha: uzi na pini, au kiolezo cha robo. Haraka mezani bila vifaa: ukanda wa karatasi. Msambamba: njia ya mstatili. Isometriki: vitovu vinne.

Ukitaka kuzoea njia tatu kwa mkupuo, fanya zoezi hili. Kwenye karatasi moja na mihimili ileile, weka nukta za njia ya bikari na fokasi, kisha za ukanda, kisha za mstatili. Zote lazima zilale kwenye mstari mmoja. Hakikisha mbili kati yake: mm 30 pembeni na mm 24 juu, mm 40 pembeni na mm 18 juu. Zikikaa, koleza mstari kwa HB, futa mistari ya kazi kama hujaambiwa uiache, andika vipimo. Kazi imekamilika, peleka.